Kibanja Kilichokataa Kufunguka

“Haijaharibika,” Mutalemwa alisema kwenye simu. “Imeharibiwa.”

Asimwe alikuwa kwenye karakana yake mjini Bukoba, kompyuta ya mteja mwingine imefunguliwa mbele yake kama samaki aliyepasuliwa. Aliweka bisibisi chini. Katika ufundi wake alishasikia wateja wakilaumu panya, radi, umeme na hata wakwe zao, lakini huyu hakuwa analalamika. Alishahukumu tayari.

“Umejuaje, kaka?”

“Mimi niko Dar es Salaam, baba yangu yuko Kamachumu. Kila siku nikitoka kazini tunakutana ndani ya Kibanja, ule mchezo wa kompyuta unaosoma kumbukumbu za mtu: mimi, yeye na marehemu mama. Sasa tangu juma lililopita akivaa utepe wake kichwani, migomba inatokea, halafu giza. Mashine inajizima na kuwaka upya. Lakini redio iliyomo kwenye kompyuta hiyohiyo inaimba. Picha zinafunguka. Simu za video zinaingia. Ni Kibanja tu kinachokataa. Na anayeishi na baba ni dada yangu Kemilembe, ambaye tangu mwanzo hakuutaka huo mchezo.”

“Mchezo kukataa siyo ushahidi kwamba kuna mtu aliyeuharibu.”

“Basi nenda kautafute. Baba hali chakula tena. Alikuwa anakula akiwa mle, mama akimkaribisha mezani. Nje ya mle hagusi sahani. Tengeneza, halafu uniambie nani kafanya. Uniambie mimi peke yangu. Dada asijue kwamba nimekuuliza.”

Asimwe hakuipenda kazi ya kupeleleza nyumba za watu. Lakini mzee asiyekula hawezi kumngoja fundi achague kazi anazozipenda. Alifunga karakana, akatia kwenye mkoba vijiti vya kumbukumbu vipya, kifutio, lenzi na chuma cha kulehemu, akaondoka.

*

Nyumba ya Ta Ishengoma, baba yake Mutalemwa, ilikuwa ndani kabisa ya migomba, mahali ambapo mtu huanza kunusa moshi wa jikoni kabla hajaona bati. Kemilembe alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimefungwa kitambaa cheupe. Aliutazama mkoba wa Asimwe, kisha viatu, kisha uso.

“Kaka ndiye aliyekutuma.”

“Amenituma nitengeneze kompyuta, dada.”

“Na nini kingine?”

“Kompyuta tu.”

Kemilembe alimpisha, lakini alimpisha kidogo, kiasi kwamba Asimwe ilibidi apite kwa ubavu.

Sebuleni, chini ya rafu iliyojaa redio kuukuu, Ta Ishengoma alikuwa ameketi karibu na mashine, utepe wa kichwani umelala mapajani mwake. Shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni, na shingo yenyewe ilikuwa imebaki nyembamba ndani ya kola kama mpini kwenye jembe la mtu mwingine.

“Karibu, mwanangu,” alisema. “Wewe ndiye unayekuja kumfungulia Justa? Amesimama nje muda mrefu, na mvua inakuja.”

Asimwe alimtazama Kemilembe. Kemilembe aliangalia pembeni. Mama yao, Ma Justa, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba hiyo mwaka wa nne sasa.

“Nimekuja, Ta Ishengoma,” Asimwe alisema. “Naanza sasa hivi.”

Alijaribu kwanza kuuwasha mchezo, aone kwa macho yake. Mzee alivaa utepe. Kwenye skrini migomba ilichipuka, ikafuatiwa na njia ya udongo mwekundu, na ukingo wa paa. Kisha vyote vikasimama, vikakatika vipandevipande, na skrini ikawa nyeusi. Mzee alibaki amenyoosha mkono mbele, kama aliyetaka kushika kitasa.

“Kila mara ni hapohapo,” Kemilembe alisema nyuma yake. “Paani.”

“Na redio haisumbui?”

“Haijawahi.”

“Hiyo inanipa mwanga.” Asimwe alizima umeme, akagusa chuma cha dirisha kujitoa umeme uliotuama mwilini, akafungua kifuniko. “Redio ni programu ndogo. Ikiingia kwenye kumbukumbu ya mashine inakaa kama mgeni, sebuleni tu. Kibanja kinachukua yote anayoyakumbuka mzee, kinayasimamisha kwa pamoja, watu na miti na harufu, kwa hiyo kinajaza nyumba nzima mpaka chumba cha mwisho. Sasa kama chumba cha mwisho hakina sakafu, aliyekaa sebuleni atajuaje?”

“Kwa hiyo kuna chumba kimebomoka.”

“Nadhani.”

Vijiti vya kumbukumbu ndani ya mashine vilikuwa vinne. Alivichomoa, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio, maana mara nyingi kinachoitwa ugonjwa ni uchafu tu. Kisha alirudisha kimoja kimoja, kila kimoja peke yake, akiwasha programu ya kupima kumbukumbu na kuiacha iandike na kusoma, iandike na kusoma. Cha kwanza kilipita, na cha pili pia. Cha tatu kilipofika sehemu za juu, mistari myekundu ilianza kumwagika kwenye skrini. Alikihamishia kwenye tundu jingine, mistari ikaja tena. Aliweka kijiti kizima kwenye tundu lile la kwanza, halikulalamika.

“Kosa likibaki kwenye tundu, ubao ndio mgonjwa,” alisema. “Likikifuata kijiti, kijiti ndicho kigonjwa. Hiki ndicho.”

“Kimezeeka,” Kemilembe alisema upesi.

Asimwe angekubali. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile mistari. Kijiti kinachozeeka huoza kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi, tundu hapa, tundu kule. Makosa haya yalikuwa yamepangana, yanaanza mahali pamoja na kwisha mahali pamoja, kama shamba lililopimwa kwa kamba. Alichukua lenzi. Kipande kimoja cha mwisho kwenye kijiti, kidogo kuliko ukucha, kilikuwa na lehemu mpya inayong'aa miguuni. Mtu alikuwa amekipasha moto, akainua miguu yake mpaka ikaachia, kisha akakilaza tena vizuri mahali pake ili asiyejua asione. Aliyefanya hivyo alijua kazi.

“Umeungua vidole?” Asimwe aliuliza bila kuinua uso.

“Jikoni.”

“Pole.”

“Asante.”

*

Asimwe alitoka nje, akasimama kwenye mibuni na simu mkononi. Aliandika, *Ni kweli, kimechomwa kwa makusudi,* akabaki anayatazama maneno hayo bila kuyatuma. Alishangaa kwamba hakuwa na hasira na yule dada. Alikuwa na woga. Mtu anayeweza kumfungia baba yake mzazi mlango wa pekee anapopatia chakula, na bado akasimama hapo akisikiliza vizuri habari za tundu na ubao, anaweza nini kingine?

“Umeona,” Kemilembe alisema. Alikuwa amekuja bila kusikika.

“Nimeona nini?”

“Usinifanye mtoto, fundi. Nikikwambia si mimi, utaniamini?”

“Vidole vyako vinaniambia vinginevyo.”

Kemilembe aliutazama mkono wake kama kwamba alikuwa ameusahau. “Basi weka kijiti kizima. Sitakuzuia. Ila ukimaliza usikimbilie kuondoka. Kaa, nikupe kahawa. Na huo mkoba wako uufunge.”

Asimwe alifuta ujumbe. Alirudi ndani akiwa na hakika kwamba ametishwa, ingawa hakujua ametishwa nini.

*

Kijiti kipya kilipoingia, Kibanja kilifunguka. Ukingo wa paa ukawa paa, paa likapata nyumba, na mlangoni akatokea mwanamke mwenye kitenge cha kijani, anatabasamu. Ta Ishengoma, macho yamefumbwa chini ya utepe, alivuta pumzi iliyomtetemesha mabega.

“Umechelewa,” mzee alimwambia mwanamke yule.

Kemilembe alikuwa ameshaleta ndizi na maharage. Kila mara mwanamke wa kwenye skrini alipomkaribisha mumewe, Kemilembe alimpa kijiko, na mzee alikula. Alikula kwa pupa, maharage yakimdondokea kifuani, akicheka mambo ambayo wao wawili hawakuyasikia yote. Mwanamke wa kitenge cha kijani alizunguka huku na huko akiimba taratibu, wimbo mfupi usio na maneno, unaopanda mara mbili na kushuka mara moja. Asimwe alijikuta macho yamemlowa. Ni nani angemnyima mtu kitu hiki?

Mzee alipovua utepe uso wake ulikuwa umenawiri.

“Tata,” Kemilembe alimwuliza, “mama alikuwa anafanya nini?”

“Anaimba. Si unajua alivyopenda kuimba?”

“Ndiyo, Tata.”

Alimfuta kifua, akamlaza kwenye kochi. Kisha alimgeukia Asimwe, akanong'ona: “Mama hakuwahi kuimba. Hata kanisani alikuwa anatingisha midomo tu. Na hakuwa mtu wa kutabasamu mlangoni. Ukichelewa kula alikuwa anakupa kisogo, unajipakulia mwenyewe.”

“Mzee amesahau. Ndiyo hali yake.”

“Hakusahau. Mwaka jana alikuwa anamkumbuka vizuri kuliko mimi. Alipoanza kuingia mle kila siku ndipo mama alipoanza kuimba.”

Asimwe alitaka kusema neno la kumtuliza, lakini ule wimbo ulikuwa bado umemkaa sikioni, unapanda mara mbili, unashuka mara moja. Alikuwa ameusikia kabla. Aliusikia Kashozi, kwa mzee mmoja aliyemtengenezea skrini; marehemu mke wake, ndani ya Kibanja chake, alikuwa akiuimba akichambua kahawa. Aliusikia tena Kanyigo, kwa bibi aliyefiwa na mumewe. Wake wawili na mume mmoja, wa vijiji vitatu, wote marehemu, wote wanaimba wimbo mmoja.

Aliivuta kompyuta karibu, akaingia kwenye matumbo ya mchezo, mahali ambapo mteja hafiki. Alijua, kama mafundi wote, kwamba utepe husoma anachokumbuka mchezaji. Hapo aliona kwamba unaandika pia. Palipokuwa na pengo katika kumbukumbu za mzee, mchezo ulijaza kitu kutoka ghala la kampuni iliyouunda: tabasamu, kitenge, wimbo, kitu laini kisichoudhi mtu. Kisha mzee alipotoka, ulikirudisha kilichojazwa kichwani mwake pamoja na vingine, kama kwamba ni chake tangu zamani. Alijaribu kuifunga njia ya kuandika na kuiacha ya kusoma. Mchezo ukajizima. Alijaribu kwa hila nyingine, ukajizima tena. Waliouunda hawakukubali uchukue kumbukumbu bila kuacha za kwao.

Alitoka kwenda kunawa uso kwenye mtungi wa uani. Mkoba aliuacha wazi.

*

Aliporudi, Ta Ishengoma alikuwa amesimama kwenye mashine, kifuniko kimeondolewa. Mkononi alishika chuma cha kulehemu cha Asimwe, na ncha yake ilishaanza kutoa moshi. Mkono wake ulikuwa umetulia.

“Usishtuke,” alisema. “Nimezima umeme wa mashine kwanza. Fundi hachomi ubao ulio hai.”

Asimwe alizitazama zile redio rafuni kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. “Ni wewe, Ta?”

“Ni mimi. Hata mara ya kwanza ni mimi. Kemi alitaka kunizuia, akakishika chuma changu upande wa moto. Tangu siku hiyo amekificha.” Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, kavu, ya mtu aliyezoea kuwapangia wateja siku ya kurudi. “Sina muda mrefu, mwanangu. Akili huja kama umeme wa mgao. Nisikilize.”

“Nakusikiliza.”

“Huyo mwanamke aliyemo mle ananipenda mno. Justa alinipenda kwa ugomvi. Tuligombana kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya padri, kwa ajili ya jina la mtoto. Sasa kila nikitoka mle natafuta ugomvi wetu hata mmoja nisiuone. Mahali pake nakuta ameketi huyu, anatabasamu. Ameketi kwenye kiti cha mke wangu. Nikiendelea kuingia, Justa ataisha kabisa, na mimi nitakuwa nimemzika mara ya pili bila kuhudhuria maziko.”

“Lakini mle unakula. Nimekuona. Ulikuwa na furaha.”

“Nilikuwa nayo,” mzee alikubali. “Ndiyo maana naogopa.”

Kemilembe alikuwa mlangoni. Hakuingia.

“Kesho nitakulilia unifungulie,” mzee aliendelea. “Nitakuapiza. Usinifungulie. Anayekuomba sasa ndiye mwenye akili zake.”

“Na yule wa kesho, Ta? Siyo wewe?”

Swali hilo lilimkalia mzee vibaya. Alifikiri muda mrefu, na Asimwe alijuta kumpotezea dakika zake.

“Ni mimi,” alisema mwishowe. “Mwonee huruma. Ila usimpe funguo.”

Asimwe alinyoosha mkono, akakichukua chuma taratibu. Mzee alikiachia. Alipoinama kuchomoa waya ukutani na kuinuka tena, uso wa Ta Ishengoma ulikuwa umeshalegea.

“Mwanangu,” alisema kwa upole, “wewe ndiye unayekuja kumfungulia Justa?”

*

“Nimempata aliyeharibu,” Asimwe alimwambia Mutalemwa kwenye simu, Kemilembe akisikia. “Ni mwenye mali.”

Alieleza yote. Mutalemwa alicheka kicheko kibaya.

“Dada amekulisha maneno.”

“Nimemsikia mzee kwa masikio yangu.”

“Umesikia mgonjwa! Mgonjwa huyohuyo jana alidhani mimi ni karani wa posta. Unachukua amri kwake? Na asipokula, akafa, utasema alikuambia? Ninyi wawili mnabishana kuhusu wimbo, baba anakauka.” Sauti yake ilipasuka. “Mle ndani ananiita kwa jina langu. Unajua hilo? Mle tu.”

Asimwe alikitazama kijiti kipya mle ndani ya mashine. Angekiacha, mzee angekula jioni hiyo na kila jioni, mpaka asibaki na kitu cha kwake cha kupoteza. Angekiondoa, huenda angemwua kwa heshima zote. Na je, kama yule mzee aliyesimama na chuma naye alikuwa ugonjwa tu, uliovaa sauti ya ufundi?

Alikichomoa, akakitia mkobani, akafunga zipu.

“Njoo umwulize mwenyewe,” alisema.

“Nakuja. Na kijiti nakuja nacho.”

*

Kemilembe alipompigia siku ya pili yake, hakusema mengi. Kaka anatua mchana. Baba amekunywa maji na uji kidogo, amelia, amewaapiza wote wawili. “Njoo, tafadhali. Nisiwe peke yangu.”

Asimwe alikuwepo Mutalemwa alipoingia. Alikuwa mwanamume mnene, suti imekunjamana kwa safari, mfuko wa koti umetuna upande mmoja. Hakumsalimu dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akapiga goti, akaanza kufungua skrubu kwa sarafu.

“Muulize kwanza,” Kemilembe alisema.

“Nimuulize nini? Mtazame!”

Ta Ishengoma alikuwa kwenye kochi, macho mekundu, midomo imekauka. Alikuwa akimtazama yule mwanamume aliyepiga goti sebuleni kwake. Polepole, kwa kushikilia ukuta, alisimama.

“Kemi,” aliita, na mlikuwa na ukali katika sauti. “Mgeni ameingia, mmemwacha chini kwenye sakafu? Hajapewa hata buni ya kutafuna? Ni adabu gani hii?”

Sarafu ilisimama kwenye skrubu. Mutalemwa aligeuka, akafungua mdomo kujitaja. Asimwe aliona jina likimfika mpaka kwenye meno. Halikutoka.

“Simama, bwana, simama,” mzee alisema, akimshika kiwiko. “Umetoka mbali, naona. Tuwie radhi. Kaa hapa. Kemi, leta chakula.”

Kemilembe alileta ndizi zikiwa bado zinatoa mvuke ndani ya jani, akaziweka mbele ya kaka yake. Mutalemwa alizitazama bila kuzigusa. Mzee alingoja. Kisha, kwa haya ya mwenye nyumba ambaye mgeni wake anasita, alivuta kiti, akaketi mkabala naye, akanawa mikono.

“Kwetu hapa mgeni hali peke yake,” alisema. “Usije ukadhani tumekuwekea kitu.”

Akamega ndizi, akala. Akamega tena. Kemilembe alijifunika mdomo kwa ule mkono wenye kitambaa, akajificha nyuma ya mlango wa jikoni.

“Kula basi,” mzee alimhimiza. “Au umekuja na jambo zito?”

“Hapana,” Mutalemwa alisema. “Nimekuja kukusalimu tu, mzee wangu.”

“Umefanya vizuri. Kula.”

Alikula. Kila alipomega, baba yake alimega. Kila alipotua, mkono wa baba yake nao ulitua. Asimwe aliona Mutalemwa akiligundua hilo. Hakujua litafanya nini ndani ya mtu yule. Kijiti kilikuwa bado kwenye mfuko wa koti, na wageni huondoka, na kompyuta ilikuwa pale na skrubu yake moja imelegezwa. Wala hapakuwa na mtu sebuleni mle ambaye angeweza kuapa kwamba kesho mzee atamwona tena kama mgeni na siyo kama mwizi.

Jani lilipobaki tupu, mzee alianza kuinua mikono kutoka mezani. Mutalemwa, ambaye suti yake ilikuwa imembana tumbo tangu mwanzo, alilisukuma lile jani upande wa jikoni, akamwomba dada yake amwongezee.